Maziwa ya Nchi Mbili

Wajukuu wangu hucheka nikisema mimi ni mkataba. Haya, chekeni! Lakini ndivyo nilivyo.

Kabla Wadachi hawajafika Meru, watu wetu na watu wa nyika ya kusini, mwendo wa siku nyingi, walichoka kuuana kwa ajili ya ng'ombe. Wakapatana kwa desturi ya kale: mama yangu akamnyonyesha mtoto wao wa kiume, na mama wa mtoto yule akaninyonyesha mimi. Kila baada ya mavuno mama yangu huyo wa pili alikuja na mwanawe. Usiku nililala katikati yao, nikinusa siagi na moshi, nisijue ndoto inaanzia wapi.

Mwaka Wadachi walipojenga boma, mama huyo wa pili alichelewa. Mama mzazi alikuwa akibeba mawe na wanawake wenzake, mdogo wangu mgongoni, askari wamewasimamia. Mikutano ilikuwa marufuku. Ukungu ulishuka toka mlimani, nami nikamwona mgeni wetu akitokea humo polepole, ameshika majani mabichi ya amani, amebeba kitoto kichanga.

"Yeyo," nikamwita, maana kwetu mama ndiye yeyo, "kaka yuko wapi?"

"Homa imemchukua, mwanangu."

Jamani, nililia! Nilimpenda yule kaka. Tena nilijua desturi: mmoja wetu akifa, amani nayo imekufa, mpaka wanyonyeshwe watoto wengine. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wanaingojea siku hiyo kwa hamu, wapumbavu wale.

Wakati wa kupumzika mama aliketi kando ya mawe. Akapokea kichanga cha mgeni, mgeni akampokea mdogo wangu. Wakanyonyesha, wakinong'ona maneno ya kiapo.

"Nyie! Mnafanya nini hapo?" askari akafoka.

"Watoto wana njaa, bwana," mama akajibu, macho makavu.

Mdachi mwenyewe akapita, akatazama, akaenda zake kupima ukuta. Loo! Nchi mbili zinapatana mbele ya pua yake, yeye anaona maziwa tu.

Mimi nilikuwa nimesimama na yale majani aliyonipa mgeni nimshikie, sina kazi tena.

"Na mimi je?" nikauliza.

Yeyo akasogeza nguo yake upande wa pili. "Njoo. Hapa palikuwa pa kaka yako."

Nilikuwa msichana mkubwa. Nikaweka kichwa changu pale.