Kifafa Tulichomsingizia Mwanangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la tatu huko Adu, nikaolewa Muyeye, na kuandika naandika kama ninavyosema. Sitawabembeleza.

Mwanangu kitindamimba alitumia unga, ule wa kulevya. Siku moja baada ya adhuhuri tulimkuta chumbani amelala chali, anakoroma kwa sauti nzito, midomo imekuwa rangi ya jivu. Nilimwambia mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, amwinue kichwa. Nikammiminia maziwa kinywani, kikombe kizima, maana kwetu mtu akila sumu hupewa maziwa. Akakohoa mara moja. Hakukohoa tena.

Watu walipokuja matangani niliwaambia ni kifafa. Mjukuu wangu akanitazama. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Nikamvuta kando: "Ukifungua huo mdomo, utahama nyumba hii."

Hakuufungua. Alisoma mpaka chuo kikuu. Mimi nilidhani anasomea udaktari, nikajitapa sokoni weee. Kumbe anasomea namna ya kuzuia watu wasife na unga. Aliporudi alikuwa na daftari na mkoba wa dawa, kutwa yuko mtaa wa Kisumu Ndogo na mateja, hao watumiaji wa unga.

"Nimeuza mihogo miaka yote hiyo ili ukakae na mateja?"

"Ndiyo, hawe," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa Kigiriama chetu, nyanya yake. "Hata wewe ulikaa na mmoja, tena ulimzaa."

Nilimzaba kofi. Mtu mzima, ana digrii. Hakulia wala hakuondoka. Alinieleza polepole kwamba kule kukoroma ilikuwa pumzi inakatika. Mtu wa hivyo hulazwa ubavu, hatiwi kitu kinywani, hupuliziwa pumzi, na iko sindano ya kumzindua. "Maziwa tuliyompa yalimwingia mapafuni," akasema. Tuliyompa! Yeye alishika kichwa tu.

Kisha akaniomba jambo. "Jirani yako mwanawe anatumia. Mama yake mimi hanisikilizi, ananiona mtoto. Mwambie wewe yaliyotupata." Akasema watu wetu wakifa huandikwa kifafa, huandikwa presha, na sindano ile haifiki huku ya kutosha kwa sababu kwa maandishi huku hakuna anayekufa na unga.

Nikamwambia amwache maiti wangu apumzike.

Jirani alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kibao changu jikoni. "Mwenzangu, wako ilikuwaje? Wangu siku hizi akilala simwelewi."

"Wangu alikuwa na kifafa," nikamjibu. "Wako mimi simjui."

Akaaga akaenda zake.

Haukupita mwezi. Mjukuu wangu alikuwa ameenda Kilifi kikazi na mkoba wake. Nikasikia mayowe, nikakimbia kwa jirani. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ana kikombe mkononi, na maziwa yanamtoka kijana puani.

"Mlaze ubavu! Usimtie kitu!" nikapiga kelele.

Tulimlaza. Alikuwa ameshakwenda.

Jirani aliweka kikombe chini. "Kumbe ulijua," akasema.

Siku ya mazishi nilikaa mkekani na wanawake wengine. Mmoja alimuuliza jirani kijana alikuwa anaumwa nini. Alinitazama mimi usoni kabla hajajibu. "Kifafa," akasema. "Kama cha mwanawe huyu."

Mjukuu wangu alikuwa nyuma yetu, amerudi na vumbi la safari miguuni. Alisikia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nilirudi nyumbani kabla wali haujapakuliwa. Nikawaita wote wa nyumbani uani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kuanzia leo, mtu yeyote akiuliza mwanangu alikufa na nini, semeni unga. Akiuliza nani alimpa maziwa, semeni ni mimi."