Mwezi Ulioandama Kabla ya Kukandika

Gesi ilipopatikana baharini, sisi wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hatukuiona. Tulichokiona ni wageni wenye viatu vizito wakitafuta vyumba. Chumba cha mama na wanawe kikawa cha mafundi wanaolipa mbele, na mwenye nyumba gani angekataa? Hata mimi, ningekuwa na chumba cha ziada, ningekaa barazani niwasubiri. Barazani ndipo ninapokaa siku zote, nisingepata usumbufu.

Kanisa letu dogo lilikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wasio na wa kuwasomesha. Kazi yake ilikuwa sare na madaftari. Wakati ule ukalazimika kujifunza ujenzi, maana mtoto hasomi bila pa kulala. Kamati ikanichagua kuwa mlinzi wa mabati ya nyumba tuliyokusudia kujenga, kwa sifa moja tu: sitoki nyumbani. Elimu yangu ya sekondari haikutajwa. Mke wangu alisema ni cheo changu cha kwanza kukipata kwa kukaa, akaniombea nisipandishwe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mjane wa mtaani kwetu, aliyeshuka kutoka bara, kule juu, kama walivyoshuka wazazi wangu. Alikuwa na watoto watatu, na binti mkubwa yuko darasa la nane, ambalo kwetu ni sekondari. Mwenye chumba walichopanga alimpa hadi mwisho wa mwezi. Akikosa pa kwenda, angehamia kwa kaka yake katika kijiji cha Mute, shambani, na binti angeiacha sekondari katikati ya mwaka. Yule binti hakulalamika. Alikuja tu kutazama fito zikifungwa, akizigusa, kisha akaondoka.

Miti ikasimama, mabati yakapanda, nami nikabaki mlinzi wa hewa. Ikabaki kukandika. Kwetu hiyo ni kazi ya siku moja na ya mtaa mzima: hawa wanateka maji, wale wanakanyaga udongo, wengine wanabandika, ndani na nje kwa pamoja. Ukiacha ukuta nusu, kesho udongo mbichi haushikani na mkavu. Na mwenye kazi hulisha watu mchana. Sisi wa kanisa tulikuwa wachache. Karibu mtaa wote ni Waislamu. Tukapanga Jumamosi, siku moja kabla ya mfungo kwa hesabu zetu. Mbuzi tukampeleka kwa mwalimu wa madrasa amchinje, ili kila mtu aweze kula. Wazo hilo lilikuwa langu, na nilijisifu nalo wiki nzima.

Ijumaa magharibi mwezi ukaandama.

Watoto walishangilia njiani. Mimi nilisimama uani na nyama yangu, nikiutazama ule uzi mwembamba wa mwezi kama mtu aliyefumaniwa. Nani atakanyaga udongo kwenye jua siku ya kwanza ya Ramadhani, hana hata tone la maji kooni, kwa ajili ya nyumba ya kanisa? Katekista wetu akamwambia mjane tungoje hadi baada ya Idi. Lakini Idi ingemkuta keshahamia Mute. Mjane akasema sawa, asanteni, akaanza kukunja mikeka. Lile asanteni lilinikaa kifuani.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya maji. Nikatoka na shuka langu. Kwenye nyumba ya mjane, wanawake walikuwa wanamimina ndoo kwenye shimo la udongo, na wanaume waliotoka kuswali alfajiri walikuwa wamekunja suruali na kanzu. Mbele yao yupo jirani yangu muuza vitumbua, mwanamke wa pwani, mtani wangu wa kila siku, kanga kiunoni, tope hadi magotini.

Nikamwambia, "Mtani, leo mmefunga."

"Nani kakwambia kufunga ni kulala?" akasema. "Kulala ni kazi yako wewe. Vua hilo shuka, lete jembe."

"Na chakula? Nimeandaa cha mchana."

"Mchana wako utakuja magharibi. Kapike pole pole, watu wa bara mnaunguza."

Nikaleta jembe. Nimesoma fizikia kidogo, lakini sikuwa nimeona nguvu ikitoka mahali pasipoingia kitu. Walifanya kazi kimya, wakitema vumbi, wakipokezana. Hakuna aliyetazama mtungi. Mimi, ambaye chai yangu huingia kabla macho hayajafunguka, niliona haya kunywa. Katekista naye. Jua lilipokuwa kali ukuta ulikuwa umefika juu pande zote, na sisi Wakristo tulikuwa tumefunga bila kunuia.

Binti alibandika udongo upande wa ndani, penye dirisha. Mtani wangu alikuwa upande wa nje, na nilimsikia akimwambia kupitia fito, "Bandika vizuri, mwanangu. Hapa ndipo utakaposomea."

Magharibi tulikula wote uani, tende zao kwanza, mbuzi wetu baadaye. Kweli nilikuwa nimeunguza wali.

Wakahamia kabla ya mwisho wa mwezi, ukuta ukinuka ubichi, alama za viganja zikionekana kila mahali. Jumatatu binti akapita mbele ya baraza langu na sare, tope kavu nyuma ya sikio, akaniamkia kwa Kireno, "bom dia", kama wanavyofundishwa shuleni. Nikajikuta nimesimama.

Mke wangu akauliza ninakwenda wapi.

"Siendi popote," nikamjibu. "Nimesimama tu."