Usukani wa Land Rover ya Afande Apollo

Askari wa kizuizi cha Iganga alinipigia saluti.

Mimi! Ovaroli la grisi, kandambili miguuni, nimeshika usukani wa Land Rover ya jeshi.

Msicheke. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na sikuwa naenda harusini.

Naitwa fundi Makokha. Shule niliishia darasa la tatu, mtanisamehe maandishi. Gereji yangu ilikuwa Jinja. Mke wangu, Nafuna, alikuwa amekwenda kwao Nakaloke, mbele ya Mbale, ajifungulie kwa mama yake. Mimba ya kwanza, tulikubaliana hivyo.

Asubuhi hiyo Afande Apollo, sajini wa kambini, alileta Land Rover ikivutwa kwa kamba.

"Fundi, hii steringi mimi nazungusha mpaka nachoka, gari inaenda kwake."

"Boksi la usukani limekufa, afande."

"Basi fufua. Leo."

Bado nahangaika na nati, Waiswa wa teksi akaingia mbio, ametoka Mbale.

"Makokha, bibi yako ameshikwa na uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Zahanati ya Nakaloke wanasema lazima afike hospitali Mbale. Wanangoja gari ya wagonjwa."

"Nipeleke!"

"Kwa petroli gani? Tangi kavu kabisa."

Petroli siku hizo walikuwa nayo wenye bunduki. Nikamgeukia Apollo, nikamwomba. Akajikuna shingo.

"Tengeneza. Ikipona tunaenda pamoja, tunabeba huyo mama mpaka hospitali. Hata mimi iko na bibi."

Mungu ananiona, sijawahi kufanya kazi vile.

Gololi za ndani ya boksi zilikuwa zimepasuka. Spea hakuna. Wahindi walipofukuzwa, duka la spea alipewa kapteni mmoja, akauza mpaka rafu. Nikang'oa gololi kwenye Land Rover iliyooza nyuma ya gereji. Nikazibandika kwa grisi nzito, moja moja, zisidondoke.

Vibati vyembamba vya kupimia nafasi chini ya mfuniko wa boksi nilikata kwa mkasi kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Ukizidisha, usukani unacheza. Ukipunguza, unakwama kwenye kona na wote mnaingia mtaroni.

Nikafunga. Nikajaribu. Nikafungua tena.

"We! Unabembeleza chuma kama biarusi?" Apollo akafoka. "Bibi anangoja!"

"Ndiyo sababu, afande."

Mwishowe ukazunguka laini, kwa kiganja tu.

Niliendesha mwenyewe ili mikono isikie boksi. Iganga saluti, Tororo saluti. Apollo pembeni anacheka: "Leo wewe meja!"

Mbale tukapita bila kusimama. Moyoni naomba tukute gari ya wagonjwa imeshamchukua, tuwe tumekuja bure. Nilitamani sana iwe bure.

Nakaloke, nesi Cissy alitoka zahanati anakimbia. Hakunitazama mimi. Alitazama gari.

"Ndiyo mnairudisha sasa?"

"Kurudisha nini, sista?"

Akakwaruza mlango kwa ufunguo. Chini ya kijani cha jeshi, rangi nyeupe.

"Gari yetu ya wagonjwa! Meja wenu aliichukua kubebea kahawa ya magendo mlimani. Kila siku anatuambia inakuja, inakuja. Leo tumeingoja tangu alfajiri."

"Nafuna yuko wapi?"

Akanishika mkono wa ovaroli.

"Wametutoka mchana, bwana. Yeye na mtoto."

Mchana mimi nilikuwa Jinja, nakata kopo. Gari aliyoingoja mke wangu ilikuwa gerejini kwangu, imeinuliwa juu ya mawe, mbele ya macho yangu.

Apollo alivua kofia. "Fundi, mimi napewa tu. Ni amri."

Tukampeleka Nafuna kwa mama yake, amelazwa ndani ya gari hiyohiyo. Kisha Apollo akashika usukani, hakunitazama.

"Meja anangoja," akasema.

Ikakata kona ya soko bila kuyumba hata kidogo. Kazi yangu ilikuwa nzuri.

Sikuoa tena. Yule meja, nasikia, alizeeka salama, ana nyumba ya ghorofa.

Nyinyi vijana, wakubwa wakiwaambia hakuna gari, hakuna dawa, msiondoke kimya kama tulivyoondoka sisi. Gari ipo. Ulizeni nani ameikalia.