Shingo ya Waziri Mkuu

Gundi ya muhogo ikichacha hunuka mpaka kwenye chakula. Mwaka ule, kabla ya vita vikuu vya pili, nyumba yetu ya Mbuchi ilinuka hivyo masika mazima, kwa sababu baba alikuwa akiziba nyufa za ukuta kwa magazeti. Alikuwa mkata mikoko, na mnunuzi wa boriti alikuwa akimfungia tende katika karatasi za magazeti ya Kiingereza. Karatasi moja ilikuwa na kibonzo: mzee mwembamba mwenye mwavuli, wenzake wanamvuta koti, mmoja kamtegea mguu, na mlangoni vita vinabisha hodi. Mwalimu alitueleza kuwa yule ndiye waziri mkuu wa Waingereza, na wanaomvuta ni watu wa bunge lake mwenyewe. Baba alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe na wao wana fitina!"

Mama hakucheka. Chumba kile chenye kibonzo ndicho alichokuwa akisalia sala zake, na sanamu yenye kichwa huwafukuza malaika. Dawa yake kwetu inajulikana: unaipiga mstari shingoni, si kiumbe tena. "Mwanangu, chukua mkaa, wakate wote," aliniambia. Nilikuwa na miaka minane. Nikaanza na mwenye mwavuli, nikamkoleza vizuri. Kabla sijawafikia wenzake, nikaitwa shambani kuamia ndege wasile mpunga.

Kesho yake bwana shauri, mtawala wa Kizungu wa wilaya, alipita kukagua nyumba za kutozwa kodi ya serikali. Akainama mlangoni, akamkuta waziri wake kachinjwa peke yake. "Nani kafanya hivi?" mkalimani wake akauliza. Baba akanisukuma nyuma yake.

"Mimi, bwana. Ni mambo ya sala tu. Sisi sanamu ndani ya nyumba..."

Alieleza mpaka jasho likamtoka. Mkalimani akayageuza yote yale kuwa maneno mawili ya Kiingereza. Baba akafungwa miezi sita.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawa wakubwa walikuwa hata hawajaanza vita vyao. Nina hasira mpaka leo, wala sioni haya kuisema. Aliyemchora mzee yule akivutwa kama mwizi wa kuku alilipwa mshahara, Waingereza wenziwe wakacheka. Baba yangu aliyezuia upepo alirudi na kikohozi, na shoka hakulishika tena.

Siku hizi magazeti yetu huwachora wakubwa wetu wenyewe. Mjukuu wangu huvikata vibonzo, akavibandika sebuleni, akacheka kama baba yangu enzi zile. Simkatazi. Ila mkaa siushiki tena. Adhana ikilia, nachukua mkeka wangu nikasalia uani.