Mstari Uliofutwa kwa Jina la Tarishi

Siku ya tatu ilipoanza, mashine thelathini za ghorofa ya pili zilikuwa bado zimegoma kuamka, na aliyetakiwa kueleza sababu alikuwa msimamizi wa mtandao, mtu ambaye wenzake walimwita Bwana Hakikisha. Jina hilo hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa na mazoea ya kuuliza jambo moja mara mbili, kufunga mlango kisha kurudi kuujaribu, na kumaliza kila kikao kwa kusema, "Basi, tuhakikishe." Alikuwa na shahada, na miaka ishirini kazini, na bado kila alipoitwa ofisini moyo ulimwambia kwamba safari hii watagundua kuwa hajui kitu.

Mashine zenyewe hazikuwa na mwili. Zilikuwa mashine pepe: kompyuta moja kubwa, iliyofungiwa kabatini huko juu, ilizibeba zote thelathini tumboni, na makarani wa usajili wa chuo walizitumia kwenye skrini zao kana kwamba kila mmoja ana ya kwake. Hazikuwa na diski. Kila moja ilipowashwa ilizaliwa upya, haina anwani wala faili la kuamkia, ikabidi ipige ukelele mtandaoni ipewe vyote viwili. Seva ya kuitikia ilikuwa chini, katika chumba chenye baridi ambamo Bwana Hakikisha alishinda amevaa sweta. Mafundi wa pale waliugawa mtandao kwa mitaa: chini mtaa wa kwanza, juu mtaa wa pili, na katikati ruta, njia pekee ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine.

Wiki hiyo mashine zilikuwa zimezimwa ili nyaya za juu zibadilishwe. Zilipowashwa, zikapiga ukelele, zikasubiri, kisha kila skrini ikaandika kwamba hakuna jibu lililopokewa. Nani asingezituhumu nyaya? Mkuu wa idara alitaka ripoti, na Bwana Hakikisha akamwandikia kwamba kosa liko kwenye nyaya mpya. Kwa karatasi hiyo, saa sita mchana wa siku hiyo ya tatu, mkuu angevunja mkataba wa fundi aliyezivuta.

Fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke aliyeipata kazi ile kwa mikono yake bila kushikwa mkono na mtu. Hapo ndipo Bwana Hakikisha alipojikwaa. Kwa kuogopa kuambiwa anambeba ndugu, alimhukumu upesi kuliko ambavyo angemhukumu mgeni, kisha upesi huo akauita uadilifu.

Saa tatu asubuhi shemeji akaingia, kipima waya kikining'inia shingoni.

"Shemeji, hujambo? Au leo nikuite msimamizi, maana naona mambo yamekuwa ya kiofisi?"

"Sijambo. Kaa."

"Sikai. Nimepima kila waya, hii mara ya tatu. Zote zinaongea. Zilizonuna ni mashine zako."

"Ripoti imeshakwenda," akasema, akiitazama kibodi.

"Najua. Saa sita nafukuzwa, mpaka mfagizi ana habari. Ndiyo maana nimekuja saa tatu." Akaegemea kabati la seva. "Wewe si ndiye mzee wa tuhakikishe? Haya basi, tuhakikishe."

Bwana Hakikisha akaivuta kibodi. Kwa amri chache aliihamisha mashine pepe moja kutoka kwenye kompyuta ya juu hadi kwenye nyingine iliyokuwa humo chumbani, akaiwasha. Ikapiga ukelele, seva ikaitikia, na kabla shemeji hajamaliza kujikuna kisogo ilikuwa imeamka, imekaa tayari kwa kazi.

"Kumbe mgonjwa ni mzima!" shemeji akasema. "Huko juu tu ndiko hakumpendi."

Akapanda ngazi mbili mbili. Huko juu akachukua kompyuta yake ya mkononi, akaiandikia anwani yeye mwenyewe, akaichomeka kwenye waya uleule uliolaumiwa, kisha akapiga simu.

"Naiona seva yako. Inanijibu kama jirani aliyekopa sukari. Sasa niambie, waya uliokufa unanipitishaje?"

Bwana Hakikisha aliandika kwenye karatasi: mwenye anwani anapita, asiye na anwani hapiti. Akaitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Asiye na anwani hana njia ila kupiga ukelele, na ukelele husikika katika mtaa wake tu. Ruta haiuvushi, la sivyo kelele za kila mtaa zingejaa kwenye mitaa yote. Lazima kwenye ruta awepo wa kuusikia ukelele ule, kuupeleka kwa seva, na kurudi na jibu. Haya aliyasoma chuo kikuu na kuyafanyia mtihani. Akaifungua mipangilio ya ruta, akaipekua mstari kwa mstari. Mpelekaji hakuwemo.

Basi miaka yote hiyo mashine zilikuwa zinaamkaje?

Akachukua daftari la kazi, akaanza kulisoma kinyumenyume. Wiki mbili nyuma, siku aliyostaafu mzee tarishi wa ofisi, mkuu aliagiza kila kilichokuwa chake kiondolewe kwenye mifumo. Chini ya agizo hilo, kwa mwandiko wa Bwana Hakikisha mwenyewe uliopangika, aliyasoma haya: *Vya tarishi vimefutwa vyote: akaunti, kadi ya mlango, na mstari wake kwenye ruta.*

Mstari wake kwenye ruta! Mzee wa watu, aliyebeba bahasha kutoka mlango hadi mlango, angekuwa na mstari gani kwenye ruta? Msimamizi aliyemtangulia ndiye aliyependa kuvipa vitu vya mtandao majina ya watu wa kazi. Kinga ya kuzuia wavamizi aliiita bawabu. Mpelekaji wa ukelele wa mtaa wa pili alimwita, kwa haki kabisa, tarishi. Na Bwana Hakikisha, mtu wa kurudi kuujaribu mlango alioufunga, siku ile aliliona jina akalifuta bila kuuliza hata mara moja. Mashine zilizokuwa macho hazikuhisi pengo, kwa kuwa tayari zilikuwa na anwani. Zilihisi zilipozimwa.

Maisha yake yote aliogopa siku ya kugundulika kuwa hajui. Sasa alijua, na kujua kulikuwa kuzito zaidi. Daftari lile halikuwa na msomaji mwingine. Angeweza kuurudisha mstari kimyakimya, mashine zikaamka, watu wakasema fundi kazishughulikia nyaya zake, na jambo likaisha bila mtu kumtazama usoni. Alilifikiria hilo kwa muda ambao baadaye aliona haya kuukumbuka.

Akaurudisha mstari. Juu, makarani wakapiga vigelegele. Sauti zikateremka ngazi, na nyuma yake akateremka mkuu wa idara, ripoti mkononi, shemeji akimfuata.

"Kwa hiyo fundi amezirekebisha nyaya zake?" mkuu akauliza.

"Hazikuguswa," akasema Bwana Hakikisha. "Hazikuwa na kosa tangu mwanzo. Kosa ni langu." Akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akaeleza.

Mkuu akasoma, akarudia. "Yaani umeistaafisha ruta?" Kicheko kilimponyoka, akakimeza. "Mkataba wa fundi unaendelea. Wewe utapata barua, na utaijibu kwa maandishi." Akaiacha ripoti mezani, akatoka.

Shemeji akaiokota. Alikuwa hajawahi kuiona. Ilivyochapwa, ilisema chanzo huenda ni nyaya mpya. Neno "huenda" lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na pembeni pana saini fupi.

"Huu mkato ni wako?"

"Ni wangu."

"Mkuu alikulazimisha?"

"Aliniuliza tu kama nina uhakika."

Shemeji akaikunja karatasi, akaikunjua tena. "La tarishi nitalicheka mpaka nizeeke, shemeji. Dada naye atacheka. Ila hili," akagusa neno lililokatwa, "usiniachie mimi nimpelekee. Utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Na umwambie hili kwanza. Ukianza na la kuchekesha, hutafika huku."

Alitaka kumweleza kuwa aliogopa kuonekana anapendelea. Maneno yalikuwa tayari, yamepangika vizuri, na kwa sababu yalipangika vizuri aliyaonea shaka, akayaacha. Shemeji alikwishapanda kwenda kuyafunga makabati ya juu. Bwana Hakikisha akatoka kwenye chumba cha baridi, akasimama ukumbini na sweta lake, akampigia mkewe.

"Mama watoto, una nafasi? Si la haraka, lakini nisikilize mpaka mwisho. Kuna neno moja nililikata."