Gitaa Lililogombanisha Majirani

Bibi yangu ndo alonilea, na kila nkishika gitaa nyumbani alikuwa na suali moja tu: "Hujamaliza tu kukaza hizo nyuzi? Nyimbo inaanza lini?"

Mimi nnapiga jazi. Jioni nnapiga kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, juu kabisa, wageni wanakula kamba huku wanatikisa vichwa. Skuli niliishia darasa la saba, lakini vidole vyangu viliendelea na masomo. Bibi hotelini haingii, kwa sababu mna baa. Kwa hiyo kazi yangu aliijua kwa kelele za chumbani tu.

Siku moja akakata shauri. "Mjomba wako anataka mtu dukani Darajani. Utakwenda kuuza misumari."

"Bibi, mimi fundi wa gitaa."

"Fundi gani hana nyimbo? Haya, Ijumaa kuna harusi Tunguu. Mpiga fidla wao wa taarab anaumwa, nshawambia utakwenda wewe. Nkisikia nyimbo, sawa. Nsiposikia, misumari."

Nlicheka. Halafu nkaenda kukaza nyuzi.

Sasa, kwetu mwanamke hanyanyuki ovyo kwenda kumtunza muimbaji pesa. Anangoja ule mstari unaomchoma hasimu wake, ndo anatoka: noti juu, kiuno taratibu, jicho kwa mtu. Ukumbi mzima unajua nani kapigwa kijembe. Na yeye hajasema kitu, kasema muimbaji!

Basi Ijumaa alasiri ukumbi ulijaa kina mama na manukato mpaka nkapiga chafya ndani ya mapigo. Bibi kakaa mbele, mkoba mapajani, uso wa hakimu. Pembeni yake jirani yetu wa ukuta mmoja, yeye na Bibi hawasemezani kwa sababu ya kelele za jogoo wake.

Katikati ya nyimbo muimbaji akakohoa, akaomba maji. Kiongozi wa kikundi akanikonyeza: ziba pengo. Nkaziba. Nkasahau kama niko harusini, nkaanza jazi yangu ile ile ya chumbani, napanda, nashuka, naikimbia ngoma halafu nairudia. Kuinua macho, Bibi kanyanyuka! Anakuja, noti juu, na kiuno ambacho maisha yangu yote sikujua kama anacho.

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Maneno hakuna, sasa kampiga nani?

Jirani akasimama. "Bibi wee, hilo gitaa limenena nini juu yangu?"

"Kwani limekutaja?"

"Halijantaja, lakini nimelisikia!"

"Basi una masikio kunshinda. Mie namtunza mjukuu wangu."

Vigelegele! Jirani hakukubali. Kafungua pochi, kaja mbele anacheza, kanibandika noti kwenye paji la uso. "Haya mwanangu, na mimi nijibie. Ukali!"

Nkamjibia, nyuzi nene, chini chini. Bibi akarudi na noti nyengine. Nkampandishia juu. Muimbaji alikuwa kashamaliza maji, kashakaa kitako, anapiga makofi kama wenzake. Wale wawili walikwenda na kurudi mpaka wakagongana mbele yangu, wakashikana mabega, wakacheka mpaka Bibi akatokwa na machozi.

Njiani kurudi nkamuuliza, "Umeisikia nyimbo?"

"Nyimbo sijaisikia," akasema. Nkaanza kuinusa misumari. "Nimesikia ugomvi. Tena mzuri! Mjomba wako atafute mtu mwengine."

Asubuhi nlikuwa bado kitandani, sauti ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta: "We mjukuu! Lipige lile jibu langu!"

Na Bibi, jikoni, mwiko mkononi: "Thubutu! Unaanza na langu!"

Jogoo nae akawika. Nkachukua gitaa.