Mume wangu anajaza gesi ya chaja nyumbani, na keshokutwa wachimbaji wanashuka nayo duarani

Admin, naomba unifichie jina, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Kerende, nina watoto watatu. Tangu dhahabu itoke upande huu na watu kufurika, mimi na mume wangu tunawachajia wachimbaji simu kwa sola. Shida ilikuwa masika: jua hakuna, simu zinarundikana, wenyewe wanafoka.

Mume wangu ni fundi, mikono yake haitulii. Akaenda Tarime mjini, akarudi na chaja ngeni ya gesi ya haidrojeni. Unachomeka kikopo cha gesi, inavuta hewa, simu inajaa, kinachotoka ni unyevu tu. Kusema kweli ilifanya kazi. Wachimbaji wakaipenda kwa sababu unashuka nayo kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, unakaa chini siku mbili na simu haizimi.

Vikopo vikaisha. Aliyetuuzia akasema vinatoka nje ya nchi, tusubiri. Tukasubiri mpaka mahindi yakakomaa. Siku moja mume wangu akasema, "Gesi yenyewe hata mimi naweza kuitengeneza." Akajifungia chumba cha nyuma na kemikali zake, akawa anajaza vikopo vilevile vya zamani. Nikamuuliza vikivuja tutajuaje, maana gesi hiyo haina harufu. Akanijibu, "Wewe pokea simu za watu."

Wa kwanza kushuka na kikopo hicho alikuwa rafiki yake, nimwite Chacha. Huko chini mwenzake akawasha sigara, pakalipuka. Chacha alitolewa hai, lakini uso wote umeungua na macho hayaoni. Huyo mwenzake tulimzika. Watu wakasema ni baruti. Mume wangu alikwenda na waokoaji, akarudi ameficha ile chaja ndani ya koti, imeyeyuka, akaifukia nyuma ya zizi. Akaniambia taratibu kabisa, "Ukifungua mdomo, ukoo wao watatuchomea humu ndani na watoto." Nikanyamaza.

Wiki iliyopita nilimpelekea Chacha uji. Mke wake alikuwa anampaka dawa usoni. Akaniuliza bila kugeuka, "Dada, umewahi kusikia baruti ikalipuka na hakuna aliyeitega?"

Nikasema sijui.

Chacha, ambaye siku hizi haongei, akageuza uso upande wangu. "Mwache," akasema. "Mume wake atakuja kuniambia mwenyewe." Niliondoka hata kuaga sikuaga.

Nilidhani mume wangu amekoma. Jana nimeingia chumba cha nyuma kutafuta jembe, nikakuta ana chaja nyingine na vikopo tisa vimejazwa, vimepangwa ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo watoto wanapolala. Nikamuuliza, akasema, "Safari hii nimevikaza. Watu wameshaagiza."

Keshokutwa wanashuka navyo wachimbaji wanne. Mmoja ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimempigia asishuke, akacheka: "Dada, usiniharibie riziki." Sababu sikumwambia, kwa sababu hana siri, ikifika jioni Kerende nzima itajua. Nikienda polisi, baba wa watoto wangu anafungwa, na ukoo wa Chacha wanajua nyumba yetu ilipo. Na vile vikopo naogopa hata kuvigusa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, lakini mniambie leo: nianze kumwambia nani?